Kahawa ya Mfukoni

Jumamosi moja, saa tano asubuhi, soko la Bukoba likiwa limefurika hata pa kuweka mguu hapapatikani, mwanaume mmoja alisimama mbele ya kibanda cha Shamsa binti Muhidini akasema anataka mapazia ya nyumba yenye madirisha saba. Shamsa hakuinua uso. Alikuwa na pini tatu mdomoni na pindo la pazia la mteja mwingine mapajani. Alimwuliza kwa pembe ya mdomo nyumba hiyo iko wapi. Mwanaume akajibu kwamba leo iko nyuma ya soko, jana ilikuwa Kashozi, na kesho Mungu akipenda itakuwa Kemondo.

Hapo Shamsa akatoa pini zake mdomoni.

"Kaka, mimi nina kazi. Kama umekuja kupiga soga, muuza kahawa yuko pale kwenye kona."

"Sipigi soga, dada. Nyumba yangu ina magurudumu."

Basi akamtazama. Alikuwa mrefu, shati la drafti limepigwa pasi hata mstari wa mkono ungeweza kukata sabuni, kofia nyeupe ya kufuma kichwani, na kucha ambazo zilioshwa kweli lakini grisi ilikuwa imekataa kuondoka. Yeye Shamsa alikuwa na gauni la kitenge cha njano na mtandio wa kijani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Huyo mwanaume, ambaye jina lake lilikuwa Riyadhi, baadaye aliapa kwamba aliiona ile futi kwanza na mwenyewe akafuata. Tumwachie kiapo chake.

Nyumba yenyewe ilikuwa Hiace kuukuu. Riyadhi alikuwa ameendesha magari ya watalii miaka kumi, akiwaona wageni wakilala ndani ya magari yao ufukweni na kuamka wakitazama ziwa, akajiuliza kwa nini watu wa hapahapa wasilale wakatazama ziwa lao. Akang'oa viti vya nyuma, akapiga kitanda cha mbao za msonobari, kabati, jiko dogo la gesi na tangi la maji chini ya sinki. Gari lilikuwa limebaki uchi wa madirisha tu.

Shamsa alipanda kupima. Madirisha ya gari hayana adabu ya madirisha ya nyumba: hili limepinda juu, lile limebana chini, la saba pale nyuma kwenye kitanda ni dogo kama tundu la kuku. Riyadhi alishika ncha ya futi upande wa pili na kila namba iliyotajwa aliirudia kwa sauti, kwa uzito, mpaka Shamsa akajikuta anacheka. Alimchagulia kitambaa rangi ya jani changa la mgomba. Riyadhi akasema ni hichohicho alichokuwa anakifikiria, na ulikuwa uongo mtupu, maana alikuja akitaka bluu.

Mapazia yalikwisha kwa wiki moja. Simu hazikwisha.

"Fundi, pazia la tatu linalalamika."

"Linalalamika nini tena?"

"Linasema limekukumbuka."

"Liloweke kwenye maji baridi. Litatulia."

"Na mwenye pazia je?"

"Mwenye pazia naye aoge maji hayohayo, alale."

Lakini yeye mwenyewe hakulala. Alibaki kitandani na simu kifuani, anatabasamu gizani kama mtu aliyepungukiwa. Miezi miwili haikupita wakawa wanaitana kipenzi na mpenzi wangu, wakitembea ufukweni Ijumaa jioni mbele ya macho ya watu, bila kujificha, kwa sababu Riyadhi alikwisha kumweleza Mzee Muhidini kwamba nia yake ni ndoa.

Mzee Muhidini hakuwa na neno. Alisema tu kwamba mama yake Shamsa alifariki mtoto akiwa hajaota meno, na aliyemlea ni bibi yake mzaa mama, Bibi Mwajuma wa Kagoma, kule Muleba. Bibi akikubali, yeye amekubali. Bibi akikataa, hata akija na wazee mia, warudi na safari yao. Hayo aliyasema kwa upole, akamkaribisha Riyadhi chai.

Bibi Mwajuma alikuwa mwanamke mwembamba, wa swala tano, mwenye macho ambayo kwa miaka yake sabini na minane yalitunga uzi kwenye sindano bila miwani. Alipoelezwa habari ya kijana akasema aletwe peke yake, Alhamisi, siku ambayo hana shughuli kibanjani, kwenye shamba lake la migomba. Anataka kumwona mtu kabla ya kuona wazee wa mtu.

Riyadhi akaenda. Aliporudi alimpigia Shamsa kumwambia kila kitu kimekwenda salama, ingawa hakuweza kukaa kula chakula cha mchana, maana alikuwa anawahi godoro la gari kwa mshona magodoro wa Muleba. Shamsa alilala na furaha yake. Asubuhi simu ya Bibi ikaivunja.

"Mjukuu wangu, yule hatufai."

Ikabidi Shamsa aketi kwenye ngazi ya kibanda. Bibi alieleza kwa sauti ya chini, kama anayetangaza msiba. Alimkaribisha mgeni, akamletea kahawa ya kutafuna, ile Wahaya wanayoiita akamwani, kama mwenye nyumba yeyote wa Kagera anavyofanya. Akaanza yeye mwenyewe kutafuna, ili mgeni aone haina kitu. Kisha akamwekea mgeni kiganjani. Mgeni akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akapeleka mkono mdomoni, akaanza kutafuna hewa. Kahawa ilikuwa imeteremka kwenye mfuko wa shati.

"Nimemwona kwa macho yangu haya. Mtu anayetia kahawa ya mwenyeji mfukoni ni mmoja wa wawili. Ama amenihesabu mchawi, ama anaipeleka kwa mtu wake akaifanyie mambo. Chakula changu amekataa, kahawa yangu ameiba. Sasa wewe nisikilize. Usimwambie nimemwona. Mtu akijua ameonwa, huja na maelezo."

Jioni Shamsa alimpigia Riyadhi, akamzunguka kidogo, kisha akamwuliza kahawa ya Bibi aliionaje.

"Tamu kabisa, kipenzi. Sijawahi kula kahawa tamu kama ile."

Kama angesema nimesahau, au nimeipoteza, labda pangekuwa na mlango. Lakini alisifia utamu wa kitu ambacho hakukitia mdomoni, tena bila sauti kuyumba. Shamsa aliona mwanaume anayeweza kusema uongo laini hivyo kwa jambo dogo, kwa kubwa atamwua. Akakata simu, akaifungia namba yake isimfikie tena. Riyadhi alikuja sokoni mara tatu. Mara ya kwanza Shamsa alimwambia asimwulize kitu. Mara ya pili hakumjibu. Mara ya tatu alijificha nyuma ya marobota ya vitambaa akilia na mkono mdomoni, akamsikia anamwambia jirani yake wa kibanda, "Mwambie sijui nilichokosa." Hakurudi tena.

Miezi minne ikapita. Posa ikaja kutoka kwa Jamali, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mstaarabu, mwenye kasoro moja tu, kwamba hakuwa Riyadhi. Wazee wake walikuwa waje Jumapili kuchukua jibu. Mzee Muhidini hakumlazimisha binti yake. Alimwambia ampe neno Ijumaa baada ya swala, liwe ndiyo au liwe hapana, ili asiwaaibishe watu wa watu. Shamsa alikuwa ameshaamua kusema ndiyo, kwa moyo wa mtu anayemeza dawa.

Alhamisi, siku moja kabla ya neno hilo, alikuwa na kazi ya mbali. Mwalimu Verdiana, mstaafu aliyeishi Dar es Salaam miaka mingi, alikuwa amejenga Nshamba na mumewe Mzee Kagaruki, na Shamsa ndiye aliyemshonea mapazia yote ya nyumba. Walikubaliana waende naye akayatundike. Mwalimu alimwambia asihangaike na usafiri, wamekodi gari zuri, la kutembea taratibu wakitazama nchi yao. Shamsa alisimama barabarani na marobota yake, baibui nyeusi na mtandio wa zambarau, na gari zuri likatokea kwenye kona likiwa na mapazia ya rangi ya jani changa la mgomba.

Riyadhi alishuka, akafungua mlango wa pembeni, akamwona, akasimama na mkono kwenye kitasa. Alikuwa amekonda. Kofia ilikuwa ileile.

"Asalamu alaykum," alisema.

"Wa alaykumu salamu."

Mwalimu Verdiana, aliyekuwa ameshika kapu la vitumbua, aliuliza kama wanafahamiana. Shamsa akasema ndiyo, aliwahi kumshonea mapazia. Riyadhi akasema ni kweli, na hayajachuja hata kidogo, kisha akaanza kupakia marobota.

Kurudi nyuma hakukuwezekana. Kazi ya watu alikuwa ameshaiahidi. Shamsa alikaa nyuma, kwenye ukingo wa kile kitanda cha msonobari, akatazama nje. Riyadhi alikuwa amewaeleza wateja kwamba mlima wa Kamachumu ni mzito kwa gari lenye mzigo, kwa hiyo watazungukia Muleba, na Mzee Kagaruki alifurahi kwa sababu njia hiyo ingemwonyesha ziwa. Wakapita Kemondo, wakapita Muhutwe. Migomba ilisimama pande zote na kahawa chini yake, kisha ghafla ikakoma na rweya ikafunguka, ile nyika ya majani mafupi yenye mawe, upepo unailaza huku na kuinyanyua kule. Mbali chini ziwa lilikuwa limetulia na visiwa vyake, mabati ya kambi za wavuvi yakimeta. Kila kilima Mzee Kagaruki aliamuru wasimame. Alikuwa bwana shamba enzi zake, na alilijua kila bonde kwa majina ya watu waliokwisha kufa.

Kwenye kilima kimoja Riyadhi aliwasha jiko la gesi, akawapikia chai ya tangawizi, akawamiminia wote watatu. Yeye hakunywa. Shamsa aliliona hilo, akasema moyoni kwamba Riyadhi anaona kinyaa kunywa naye chombo kimoja, na likamwuma kuliko alivyotarajia.

Walikuwa wamebakiza kilomita chache kufika Kagoma, saa kumi alasiri imepita, pale Mzee Kagaruki aliposema kwa utulivu kwamba makalio yake yanaungua. Injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele. Kabla hajajibiwa, mvuke ulifoka kutoka chini yake, naye akaruka kutoka kwenye gari lililokuwa bado linatembea, kwa wepesi ambao mkewe alisema hajauona tangu siku ya harusi. Riyadhi aliliegesha gari kwenye majani, akanyanyua kiti. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka urefu wa kidole na maji yote yamekwenda.

Duka la spea lilikuwa Muleba. Simu hapo haikushika. Riyadhi alifunua vifaa vyake akatafuta kitu cha kufungia, hakukipata, akakaa chini kwenye majani akishika kichwa. Kwa mara ya kwanza Shamsa alimwona amechoka kweli, midomo imekauka, akamwonea huruma bila kutaka. Akamimina maji kikombeni, akampelekea.

"Kunywa. Jua ni kali."

"Baadaye, ahsante."

Kwa hiyo hata maji. Shamsa akamwaga yale maji chini mbele yake, akarudi kwa Mwalimu.

Aliyewaokoa alikuwa mwanaume mmoja wa baiskeli aliyebeba mikungu minne ya ndizi, akiisukuma kupanda kilima. Alisimama, akawapa pole, akafungua mojawapo ya mipira aliyofungia mzigo, akampa Riyadhi, akafunga mkungu wake kwa kamba ya mgomba na kuendelea zake bila kutaka shukrani ndefu. Riyadhi akauviringisha ule mpira juu ya mpasuko, lakini kila akikaza ulilegea upande wa pili. Shamsa alivumilia kumtazama mara mbili. Mara ya tatu akavuta robota, akatoa utepe mgumu wa mapazia, ule wa kuchomekea ndoana za kutundikia, akapiga magoti kwenye majani na baibui yake.

"Sogea. Unakaza kama unafunga mbuzi."

Alizungusha utepe juu ya mpira, mzunguko juu ya mzunguko, akavuta kwa meno, akapitisha sindano kubwa na uzi wa nailoni mara sita. Riyadhi alishika ncha ya pili kama alivyoshika ncha ya futi siku ile. Vidole vyao viligusana mara moja.

Ilibidi wasubiri injini ipoe ndipo wamimine maji kutoka lile tangi la sinki. Jua lilikuwa linateremka. Mwalimu Verdiana akatandika khanga, akatoa kwenye mkoba kifurushi kidogo cha kahawa kilichofungwa kwa jani kavu la mgomba, akasema kuharibikiwa na gari bila kutafuna kitu ni kujitakia uzee. Akatafuna mwenyewe, akampa mumewe, akampa Shamsa, kisha akamwita dereva. Riyadhi alipokea kwa mikono miwili. Alishukuru. Akapeleka mkono mdomoni, na Shamsa, aliyekuwa amekaa ubavuni kwake, akaiona kahawa inateremka kwenye mfuko wa shati.

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakavuma. Kumbe ni tabia yake. Kumbe Bibi hakukosea hata kidogo. Alitafuna kahawa yake bila kusikia ladha, akisema moyoni kwamba kesho jibu la baba litatoka mdomoni mwake likiwa jepesi. Alitaka kuinuka amwambie palepale mbele ya watu, lakini aliwaheshimu wazee, akangoja.

Kutoka bondeni, hafifu, ikasikika adhana ya magharibi. Riyadhi aliinuka na chupa ya maji, akaenda upande wa pili wa gari. Shamsa akamfuata, maneno yamemjaa kinywani. Akazunguka gari na kumkuta amechuchumaa ameelekea kibla, ile kahawa iko kiganjani. Alisema bismillahi, akaitia mdomoni, akaitafuna amefumba macho, kisha akanywa maji kwa mafunda matatu marefu, kama ardhi inavyokunywa.

Shamsa alisimama pale na mkono kwenye bodi la gari. Leo ilikuwa Alhamisi. Siku ile ya Bibi ilikuwa Alhamisi.

"Umefunga," alisema.

Riyadhi alishtuka, akageuka. Alionekana kama mtu aliyefumaniwa.

"Na siku ulipokwenda kwa Bibi. Ulikuwa umefunga?"

"Nilikuwa nimefunga."

"Ile kahawa ilikwenda wapi, Riyadhi? Nijibu. Ile uliyotia mfukoni."

Alimtazama kwa muda, akiunganisha mambo, na Shamsa aliona usoni mwake jinsi miezi minne inavyoingia mahali pake.

"Niliifuturia," alisema polepole. "Nilikuwa njiani, nimetoka Muleba na godoro. Adhana ilipoita nikasimamisha gari, nikaila na maji. Sikuwa na tende. Ukaniuliza ilikuwaje, nikakwambia tamu. Ilikuwa tamu, Shamsa. Mchana kutwa sikuwa nimeonja kitu."

"Kwa nini hukumwambia Bibi umefunga? Neno moja tu."

"Ilikuwa ya sunna. Maalimu wangu alinifunza kwamba funga kama hiyo ni baina yako na Mola wako, ukiitangaza umeila. Na sikutaka bibi yako aone najionyesha mcha Mungu ili anipe mjukuu wake. Nikadhani nimeficha vizuri." Aliutazama mfuko wa shati lake. "Kwa hiyo alidhani nimeogopa sumu."

"Sumu, au unampelekea mganga."

Riyadhi hakucheka. Alikaa chini kwenye majani, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa na jeraha.

"Miezi minne. Nilikuja mara tatu. Mwizi wa kuku huambiwa kosa lake kabla hajapigwa, Shamsa. Mimi hata hilo sikupewa."

Shamsa alipiga magoti karibu yake na machozi yakamtoka waziwazi. Alimwambia Bibi alimkataza, na kwamba hiyo si sababu. Alimwambia alijificha nyuma ya vitambaa siku ile ya tatu. Alimwambia alimhukumu kwa neno moja la simu wakati alikuwa na maneno elfu ya kumtetea, na kwamba anaomba radhi, na kama hatamsamehe ataelewa. Kisha akamwambia habari ya Jamali na jibu la kesho, kwa sababu hakutaka kubaki na siri nyingine.

Riyadhi alisikiliza yote akichuma majani na kuyakata vipandevipande.

"Na utajibu nini?"

"Nilikuwa nitajibu ndiyo."

"Nilikuwa?"

"Kwanza uniambie wewe. Kwa nini unafunga? Leo ni miezi minne, na bado unafunga."

Aliinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kama yule mwanaume wa sokoni, aliyerudia namba kwa sauti.

"Niliweka ahadi siku nilipozungumza na baba yako. Kila Jumatatu na Alhamisi, mpaka nipate jibu lako. Wewe uliondoka, lakini jibu hukunipa. Ningeachaje?"

Upande wa pili wa gari Mzee Kagaruki aliita kuuliza kama injini imepoa. Mwalimu Verdiana, aliyesomesha watoto miaka thelathini na tano na kuujua ukimya wa kila aina, alimwambia akae chini, bado haijapoa.

Gari liliwaka mara ya pili. Riyadhi aliliendesha taratibu kabisa, wote wakinusa na kusikiliza, na utepe wa mapazia ukashika mpaka Kagoma. Hakukuwa na pa kwenda ila kwa Bibi Mwajuma. Bibi alitoka na taa, akasalimiwa kwa Kihaya na Mwalimu, akaitika, kisha akaitambua ile kofia nyeupe. Uso wake ulifunga. Lakini mgeni aliyeharibikiwa haulizwi jina. Alionyesha mahali pa kuegesha uani, akaamuru ndizi ziongezwe chunguni. Wazee walilala ndani ya gari, wamefunga mapazia yao. Riyadhi alipewa mkeka kwa jirani. Jikoni, Shamsa alimsimulia Bibi yote, neno kwa neno, na Bibi alimenya ndizi mpaka mwisho bila kuinua macho.

Asubuhi ya Ijumaa, umande ungali kwenye majani, Bibi aliketi kibarazani amevaa khanga safi, akaagiza kijana aitwe. Shamsa alisimama nyuma ya pazia la mlango. Riyadhi alikuja, akaketi chini kwenye mkeka, akaamkia.

"Leo ni siku gani?" Bibi aliuliza.

"Ijumaa, Bibi."

"Umefunga?"

"Hapana, waitu," alijibu kwa neno la heshima la Kihaya. "Sijafunga."

Bibi alivuta kikapu kidogo kutoka chini ya kiti. Akatia kahawa mdomoni, akatafuna. Akamwekea Riyadhi kiganjani, akamkazia macho. Riyadhi akatafuna, akatafuna, akameza. Bibi hakuondoa macho.

"Fungua mdomo."

Akafungua, kama mtoto aliyepewa dawa. Bibi aliinama akachungulia vizuri, kushoto na kulia, akaridhika.

Kisha alichagua tunda moja zima, akalipasua kwa kucha. Ndani mlikuwa na punje mbili zimelaliana. Moja akampa Riyadhi, moja akaitia mdomoni mwake mwenyewe, na wakatafuna wote wawili wakitazamana, kama wazee wa zamani walivyofanya walipotaka mtu wa mbali awe ndugu.

"Sasa tumekula tunda moja," alisema. "Na mimi nilikosa. Nilikuona, nikanyamaza. Mwenye nyumba akiona mgeni hali, humwuliza anaumwa nini. Mimi nilikwenda kumsema kwenye simu. Unisamehe, mwanangu."

Riyadhi akaishika mikono ya Bibi na kuiweka kwenye paji la uso wake. Nyuma ya pazia Shamsa alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, wala hakujaribu kujizuia.

Bibi aliagiza simu. Alimwambia Mzee Muhidini awapokee watu wa Jamali kwa heshima zote, awapikie, awaeleze kwamba binti amekwisha kupata mchumba. Mzee Muhidini akauliza kama hilo ndilo neno la Shamsa mwenyewe. Shamsa akatoka mlangoni, akaichukua simu, na akasema huku anamtazama Riyadhi.

"Ndilo neno langu, Baba. Ndiyo yangu ni kwa Riyadhi."

Riyadhi alifuta macho kwa kofia yake. Alisema basi ahadi yake imekwisha, jibu amelipata, kisha akamgeukia Bibi na kuuliza kwa adabu wazee wake waje lini kuleta posa.

Bibi Mwajuma alikuwa amekwisha kuinuka, anarudisha kikapu chake ndani.

"Waje siku yoyote wanayotaka," alisema. "Ila Jumatatu na Alhamisi hapana. Nataka wale kahawa yangu nikiwaona."